Utulivu si Ganzi: Historia ya Wepesi wa Kuhisi na Hulka ya Mtu katika Mbale na Jinja

Ikisiri

Saikolojia ya leo inaeleza kwamba watu hutofautiana katika wepesi wa kuhisi, yaani kiwango ambacho sauti, mwanga, harufu na maumivu huwagusa, na kwamba tofauti hiyo inahusiana na hulka zao. Makala hii inaonesha kuwa wazo hilo lina historia yake mashariki mwa Uganda. Inalinganisha vipimo vya wanasaikolojia tangu mwishoni mwa karne ya 19 na maarifa ya wenyeji kama yanavyodhihirika katika jando la imbalu huko Mbale, na kisha katika kambi na viwanda vya Jinja. Hoja kuu ni kwamba wapimaji wengi walichanganya mambo mawili ambayo Wamasaaba waliyatenganisha: kuhisi na kustahimili kinachohisiwa. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu kutafsiri hojaji za kisaikolojia kwa Kiswahili, wakati ambapo lugha hii inapanuliwa katika elimu na utawala wa Uganda.

1. Utangulizi

Kila mwaka wa shufwa vijana wa Wamasaaba, ambao maandishi mengi huwaita Wagisu, hutahiriwa hadharani katika mji wa Mbale, vijiji vinavyouzunguka na miteremko ya Mlima Elgon. Msimu huzinduliwa mwezi Agosti huko Mutoto, nje kidogo ya mji. Baada ya siku nyingi za ngoma na kuzuru jamaa, kijana husimama wima mbele ya umati, mwili umepakwa unga wa nafaka au tope, naye ngariba hufanya kazi yake kwa muda mfupi sana. Kwa desturi hapewi dawa ya ganzi. Hatakiwi kutikisika, kukunja uso wala kupepesa macho. Watazamaji humkazia macho usoni, kwa kuwa uso ndio utakaotoa jibu la swali lililowaleta: huyu ni mtu wa namna gani?

Swali hilo ndilo ambalo wanasaikolojia Elaine Aron na Arthur Aron waliliuliza kwa njia nyingine mwaka 1997 walipochapisha hojaji yao yenye vipengele 27 kuhusu watu wepesi wa kuhisi. Wao pia walitaka kujua uhusiano uliopo kati ya namna mwili unavyopokea dunia na namna mtu alivyo. Tofauti ni kwamba hojaji yao imeenea katika nchi nyingi na kutafsiriwa katika lugha kadhaa, ilhali ujuzi wa Mbale umehifadhiwa zaidi katika vitabu vya anthropolojia, kama desturi ya kuelezwa badala ya nadharia ya kujadiliwa.

Makala hii inaziweka elimu hizi mbili mezani pamoja. Jambo hili lina uzito wa kisera. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba ya Uganda yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia mpango wa kukifanya somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kadiri lugha inavyoingia shuleni na hospitalini, ndivyo vipimo vya tabia za watoto, askari na wagonjwa vitakavyoandikwa kwa Kiswahili. Tukikosea maneno, tutapima kitu kingine kabisa.

2. Maneno yaliyotangulia nadharia

Msamiati wa Kiswahili kuhusu jambo hili ni mkongwe. Neno tabia limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupiga chapa. Tabia ni alama iliyogandamizwa katika kiumbe. Neno hulka linatokana na mzizi wa kuumba. Katika tiba iliyoanzia kwa Wayunani, ikaendelezwa na wanazuoni kama Ibn Sina na kufika pwani yetu kwa njia ya Uislamu, tabia ya mtu ilihusishwa na mizani ya joto, baridi, ukavu na unyevu mwilini mwake. Ndiyo maana hata leo neno tabianchi halimshangazi Mswahili: nchi nayo ina joto na baridi yake, kama mtu. Kwa hiyo wazo kwamba hulka ina makao mwilini halikuletwa na maabara za Ulaya.

La kuvutia zaidi ni kitenzi kusikia. Mswahili husikia sauti, na pia husikia harufu, njaa, baridi na maumivu. Luganda, lugha iliyoenea sana Jinja na kutumika pia Mbale, ina kuwulira, kitenzi chenye upana kama huo. Lugha zote mbili zimetoa katika vitenzi hivyo jina la sifa ya mtu: Kiswahili kina msikivu, Luganda ina omuwulize. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, hakuna kati ya maneno hayo linalomtaja mtu ambaye kelele humchosha au mwanga humuumiza. Yote mawili humsifu mtu anayezingatia anachoambiwa na kutii. Lugha imechukua uwezo wa hisi na kuugeuza kuwa adabu. Anayesikia vema ni anayeishi vema na wenzake.

Neno nyeti limepita njia nyingine. Leo tunasema suala nyeti au sehemu nyeti bila lawama yoyote. Lakini kitenzi nyeta kina sura ya mtu anayeringa na asiyeridhika upesi. Mfasiri anayemwita mtoto mnyeti kwa nia ya kusema kwamba mwili wake hupokea mambo kwa wepesi, anaweza bila kujua kumwambia mzazi kwamba mwanawe ana maringo. Basi hata kabla ya takwimu kukusanywa, maneno yenyewe yana hukumu ndani yake.

3. Vipimo vya wageni

Huko Uingereza, Francis Galton alidai katika kitabu chake cha mwaka 1883 kwamba watu wenye uwezo mkubwa wa akili hutofautisha hisi kwa ustadi zaidi, na kwamba wenye upungufu mkubwa wa akili huhisi maumivu kwa uchache. Kwa madai hayo kizingiti cha hisi kilifanywa kuwa ngazi ya kupangia watu. Mwaka 1898 msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulikwenda visiwa vya Torres Strait kuijaribu ngazi hiyo kwa vyombo. W. H. R. Rivers alipima uoni, Charles Myers akapima usikivu na unusaji, William McDougall akapima mguso na maumivu. Kwa jumla walikuta tofauti ndogo kuliko zilivyotarajiwa, na Rivers akawa miongoni mwa waliotilia shaka hadithi za uwezo wa ajabu wa macho ya watu walioitwa washenzi. McDougall, kwa upande wake, aliripoti kwamba wenyeji wa kisiwa cha Murray walitofautisha miguso kwa ustadi unaokaribia mara mbili ya Waingereza, lakini wepesi wao wa maumivu haukufika nusu.

Tukitazame vizuri kipimo hicho cha mwisho. Mpimaji hukandamiza chombo katika ngozi, naye anayepimwa husema pale anapoumia. Kinachoandikwa daftarini ni wakati wa kusema. Mtu aliyelelewa kutolalamika mapema na mtu asiyehisi mapema watapata alama moja. Takwimu ya McDougall haiwezi kuwatenganisha, na wasomaji wengi wa zama zile hawakuona haja ya kuwatenganisha.

Katika Afrika Mashariki mjadala uliingia kupitia J. C. Carothers, daktari aliyefanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Mwaka 1959 aliandika makala akidai kwamba Mwafrika wa kijijini huishi hasa katika ulimwengu wa sauti, naye Mzungu katika ulimwengu wa macho na maandishi, na kwamba tofauti hiyo hujenga hulka tofauti. Marshall McLuhan aliitumia makala hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962, na hoja iliyozaliwa katika utawala wa kikoloni ikapata wasomaji wapya kote ulimwenguni.

Mallory Wober, ambaye baadaye alifundisha Makerere, alilishughulikia suala hilo kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1966, kutokana na utafiti wake nchini Nigeria, alipendekeza kwamba kila utamaduni hukuza baadhi ya hisi kuliko nyingine, na kwamba kipimo kilichojengwa juu ya macho pekee humpunja mtu aliyekuzwa kutumia zaidi mwili na mizani yake. Alipokuwa Uganda alichunguza namna Waganda wenyewe wanavyoielewa akili, na matokeo aliyochapisha mwaka 1974 yalionesha dhana tofauti na ile ya vipimo vya Ulaya: akili ilihusishwa na utulivu na uangalifu kuliko na kasi. Wober aliwapa watafiti wa Uganda funzo muhimu, kwamba kabla ya kupima sifa ya mtu ni lazima kwanza kuuliza wanaopimwa wanaiitaje.

4. Mbale: imbalu na lirima

Maelezo ya maandishi kuhusu Wamasaaba yalianza kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mmisionari J. B. Purvis alitoa sarufi ya Lumasaaba mwaka 1907, naye John Roscoe alichapisha kitabu chake kuhusu Wagisu mwaka 1924. Jean La Fontaine aliandika juu yao katika miaka ya 1950. Lakini aliyelikabili suala letu moja kwa moja ni Suzette Heald, aliyefanya utafiti Bugisu katika miaka ya 1960. Katika makala yake ya mwaka 1982 alitetea wazo kwamba imbalu haiwezi kueleweka bila saikolojia ya wenyeji, yaani nadharia ambayo Wamasaaba wenyewe wanayo kuhusu yanayotendeka ndani ya mtu.

Mambo matatu katika maelezo yake yanahusu mada hii. La kwanza, maumivu ya imbalu hayapunguzwi katika mazungumzo. Wazee humweleza kijana waziwazi kuwa ni makali na ya kutisha, na hulinganishwa na uchungu wa mwanamke anayejifungua. La pili, kijana anatakiwa kujitangaza mwenyewe. Jamaa wanaweza kumchochea, kumtania, hata kumsukuma, lakini nia ya kusimama inapaswa kuwa yake, naye huulizwa na kuonywa mara kwa mara ili ajiondoe kama hayuko tayari. La tatu, nguvu inayomwezesha kushinda hofu inaitwa lirima. Ni hisia kali inayofoka kutoka ndani na kumfanya mtu aweze kutenda. Ngoma, nyimbo na mawaidha ya siku zile zote huikusanya lirima hadi saa ya kusimama.

Hapa ndipo elimu ya Mbale inapoachana na ya McDougall. Kwa mpimaji, mtu aliyetulia chini ya maumivu ni mtu anayehisi kidogo. Kwa Mmasaaba, kijana asiyehisi kitu hangekuwa na cha kuonesha. Ushahidi wa uanaume umo katika umbali kati ya kinachohisiwa na kinachoonekana usoni, na umbali huo huhesabiwa kuwa kazi ya mtu mwenyewe. Maumivu makali ni sharti la jaribio lenyewe. Utulivu si ganzi.

Hata hivyo haifai kuipamba elimu hii kupita kiasi. Heald alikiita kitabu chake cha mwaka 1989 kwa jina linalohusu kuitawala hasira, kwa sababu lirima ni upanga wenye makali mawili. Nguvu inayomsimamisha kijana mbele ya kisu ndiyo inayotajwa mtu anapoua kwa ghadhabu au wivu. Jamii inayomtaka kila mwanamume awe na lirima inabaki na hofu ya wanaume wasioweza kuizuia. Aidha, umati haumpi nafasi ya pili kijana anayetikisika. Aibu yake huwa ya ukoo mzima, na hukumu haiulizi kama mwili wake uliumbwa kupokea maumivu kwa ukali zaidi kuliko wa jirani yake. Saikolojia ya imbalu inatambua vizuri kazi ya kustahimili. Haina subira na tofauti za maumbile.

Suala hili limepata sura mpya tangu Uganda ilipotoa sera ya tohara salama ya wanaume mwaka 2010 kama sehemu ya mapambano dhidi ya Virusi vya Ukimwi. Hospitali hutumia dawa ya ganzi. Kwa mtaalamu wa afya huo ni wema ulio wazi. Kwa mzee wa mila, tohara ya namna hiyo hukata ngozi na kuacha swali la msingi bila jibu. Mshauri wa sera anayewaona wazee kama watu wasiojali maumivu atakuwa amerudia kosa la mwaka 1898. Wazee wanayajali sana maumivu, na wameyapa kazi.

5. Jinja: kambi, mitambo na kishindo cha maji

Jinja ina historia nyingine ya hisi. John Hanning Speke alipofika mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria mwezi Julai 1862, palikuwa na maporomoko aliyoyaita Ripon. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, maporomoko hayo yalizama na kishindo chake kikanyamaza. Umeme wa bwawa uliendesha mitambo ya kufuma nguo na tanuru la kuyeyushia shaba iliyotoka Kilembe. Uchunguzi wa Cyril na Rhona Sofer, uliochapishwa mwaka 1955, ulieleza jinsi mji huo wa watu wa asili mbalimbali ulivyogeuzwa na mabadiliko hayo. Watu waliozoea mdundo wa maji na misimu ya kilimo waliingia katika king'ora, zamu na ngurumo ya mashine. Katika mahali pa kazi pa aina hiyo, uwezo wa kuvumilia kelele na joto huhesabiwa haraka kuwa sifa ya tabia: anayevumilia huitwa mchapakazi, na anayelemewa huitwa mvivu au dhaifu. Kizingiti cha hisi hugeuka kuwa cheti cha mwenendo.

Jinja pia ilikuwa mji wa askari. Kikosi cha nne cha KAR kilikuwa na kambi hapo, na Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 kikawa kiini cha jeshi jipya. Kiswahili kilikuwa lugha ya mafunzo na amri katika vikosi hivyo. Kwa njia hiyo Waganda wengi walikutana na Kiswahili kwanza kama lugha ya kusimama bila kutikisika. Ukakamavu wa gwaride unafanana kwa sura na ule wa imbalu, lakini chanzo chake ni tofauti. Kijana wa Mbale hujiamuru mwenyewe. Askari wa Jinja aliamriwa. Waingereza walichagua askari kwa kuamini kwamba makabila fulani yalikuwa na moyo wa vita kwa asili, na utulivu wa safu ulionekana kuthibitisha imani hiyo.

Mwezi Januari 1964 askari wa kambi ya Jinja waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Waziri aliyekwenda kuzungumza nao alizuiliwa kambini. Malalamiko hayo hayakuzaliwa siku ile. Waliosimama kimya kwenye gwaride walikuwa wakiyahisi siku zote. Waliousoma utulivu wao kama ridhaa walisoma vibaya, na gharama ya kosa hilo katika siasa za Uganda ilikuwa kubwa, kwa kuwa serikali iliyakubali madai ya mishahara na jeshi likajua nguvu zake.

6. Hojaji ya leo na somo la zamani

Turudi kwa Aron na Aron. Mchango wao wa mwaka 1997 ulikuwa kuonesha kwamba wepesi wa kuhisi si jina jingine la ukimya wala la wepesi wa kufadhaika, ingawa unahusiana navyo. Walikuta kwamba baadhi ya watu wepesi wa kuhisi ni wachangamfu na hupenda kukaa na watu. Mwaka 2006 Smolewska na wenzake walipendekeza kuwa hojaji hiyo ina sehemu tatu: kulemewa upesi, kuwa na kizingiti cha chini cha hisi, na kuguswa na uzuri wa sanaa na mazingira. Mwaka 2018 Lionetti na wenzake waliwagawa watu wazima katika makundi matatu: takribani asilimia 31 wenye wepesi mkubwa, asilimia 40 wa kati, na asilimia 29 wenye wepesi mdogo. Muhtasari wa tafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionesha kwamba kwa watu wazima wepesi wa kuhisi unahusiana zaidi na wepesi wa kufadhaika, na kwa kiasi kidogo na uwazi wa fikra. Uhusiano na uchangamfu haukuonekana.

Matokeo hayo yana thamani, ila yote yanategemea mtu kujieleza mwenyewe. Miongoni mwa vipengele vya hojaji kuna vinavyohusu maumivu, kushtuka, kelele na njaa. Hebu tumfikirie mwanamume wa Mbale anayeulizwa kwa Kiswahili kama anaumia kwa urahisi au hushtuka upesi. Swali hilo alishalijibu mara moja maishani mwake, mbele ya umati, na jibu lake liliingia katika heshima ya ukoo. Akikataa, mtafiti ataandika kwamba ana kizingiti cha juu cha hisi. Huenda anahisi kuliko wote waliohojiwa. Kama alivyofanya McDougall, mtafiti atakuwa amepima lini mtu husema, akidhani amepima lini mtu huhisi.

Athari yake haiishii katika majedwali. Mtoto anayeziba masikio darasani, au anayelia kwa sababu ya kitambaa kinachomkwaruza, hufika kwa mwalimu akiwa tayari ana jina: mwoga, mdekaji, mtukutu. Kipimo kilichotafsiriwa kwa neno lenye hukumu kitalithibitisha jina hilo kwa mhuri wa sayansi.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Mbale na Jinja inatufundisha kutenganisha hatua tatu: kuhisi, yaani kile mwili unachopokea; kuguswa, yaani jinsi kinavyomwathiri mtu moyoni; na kustahimili, yaani anachofanya nacho mbele ya wengine. Galton na McDougall waliivunja ya tatu ndani ya ya kwanza. Imbalu iliheshimu ya tatu na kusahau kwamba ya kwanza haiko sawa kwa wote. Hojaji za leo zinachanganya ya kwanza na ya pili, na hazina mahali pa ya tatu.

Kwa msingi huo makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, tafsiri za Kiswahili zitumie maelezo yasiyohukumu, kama vile wepesi wa kuhisi, na ziepuke mnyeti na msikivu kama majina ya watu wa aina hii. Pili, kila kipengele kinachohusu maumivu, kelele au hofu kigawanywe katika maswali matatu yanayofuata hatua zilizotajwa. Tatu, kabla ya hojaji kutumika katika shule na hospitali za Mbale na Jinja, ijaribiwe kwa Lumasaaba, Lusoga na Luganda sambamba na Kiswahili, ili ionekane ni wapi maana inateleza. Nne, mafunzo ya walimu yawaeleze kwamba utulivu wa mtoto na fadhaa yake ni dalili mbili zinazoweza kutoka katika hisi moja.

Wanasaikolojia wamefikia hatua ya kukubali kwamba wepesi wa kuhisi ni sehemu ya maumbile ya binadamu, wala si kasoro. Wazee wa Mutoto walikwisha kujua kwamba mtu aliyetulia anaweza kuwa ndiye anayehisi zaidi. Mtafiti wa lugha anaweza kuwakutanisha, mradi achague maneno yanayomruhusu kijana kusema kwamba aliumia bila kupoteza heshima ya kusimama.